Laptopu Inajizima Yenyewe: Mtafute Mchawi Kabla ya Kupiga Windows

Mwambie mtu yeyote mtaani kwamba laptopu yako inajizima, na kabla hujamaliza sentensi atakujibu: "Ipige Windows upya." Ushauri huo ni wa bure, ndiyo maana umeenea, ila kwa tatizo hili mara nyingi haugusi kitu. Windows mpya haiondoi vumbi kwenye feni, haifufui betri iliyochoka, wala haikazi pini ya chaja iliyolegea. Unapoteza mafaili, unamlipa fundi, halafu jioni ile ile mashine inazima tena.

Hapa tunakwenda kinyume: kwanza ujue inazimika namna gani, ndipo uguse kitu. Mengi utayafanya mwenyewe nyumbani bila hata bisibisi. Ninafikiria zaidi laptopu ambazo wengi wetu tunazo, zile zilizotumika maofisini Ulaya kisha zikauzwa Kariakoo au kwenye maduka ya Nairobi kama "ex-UK": Latitude za Dell, EliteBook za HP, ThinkPad za Lenovo. Ni mashine ngumu, lakini zinakufikia zikiwa na betri ya miaka kadhaa na feni ambayo huenda haijawahi kufunguliwa.

Kabla ya lolote, nakili mafaili yako kwenye flashi au diski ya nje. Kila mashine inapokatika ghafla, faili lililokuwa wazi linaweza kuharibika, na diski nayo haipendi mchezo huo. Fanya leo, wakati bado inawaka.

Hatua ya 1: Angalia inavyozimika

Mara itakapozimika tena, usikimbilie kitufe cha kuwashia. Iangalie kwanza. Kuna namna nne, na kila moja ina njia yake.

Ikikatika pa, kioo na taa na feni vyote kwa pamoja kana kwamba mtu amechomoa waya, basi umeme umekatika ndani ya mashine. Hapo washukiwa ni betri, chaja, joto, au mazabodi (bodi kuu ya ndani). Windows karibu haihusiki.

Ikitoa skrini ya buluu (nyeusi kwenye Windows 11 za karibuni) yenye maandishi meupe, hata kwa nukta moja, kisha ikajiwasha upya, ni Windows iliyogonga mwamba: dreva (programu inayoendesha kifaa), RAM (kumbukumbu ya muda) au diski.

Ikifunga programu kwa utaratibu na kuonyesha maneno "Shutting down", hiyo haijakatika. Imeamriwa. Kuna kitu ndani kimetoa amri hiyo, na tutakitafuta kwenye hatua ya 4.

Ya nne huwapotosha wengi: kioo kinakuwa cheusi lakini taa ya kitufe inapepesa polepole. Hiyo imelala tu. Laptopu nyingi zina kihisi cha sumaku karibu na kibodi kinachojua kama kifuniko kimefungwa. Ukiweka simu yenye kava ya sumaku pembeni ya kibodi, au bangili ya sumaku ikapita pale pale, mashine inadhani umeifunga na inalala. Ondoa sumaku, bonyeza kitufe mara moja, na kazi yako utaikuta ilivyokuwa.

Sasa andika mambo matatu kwenye karatasi: betri ilikuwa asilimia ngapi, chaja ilikuwa imechomekwa au la, na ulikuwa unafanya nini. Kisha jaribu kuiwasha. Ikikataa mpaka ipoe dakika kadhaa, nenda moja kwa moja hatua ya 3. Ikikubali pale tu unapochomeka chaja, betri ndiyo ya kwanza kuhojiwa.

Hatua ya 2: Betri, chaja na umeme wa ukutani

Itumie kwa betri peke yake, kazi nyepesi tu, uone inafika wapi. Kama inaonyesha asilimia 40 halafu inakatika bila onyo, betri imechoka. Asilimia unayoiona kwenye kona ya skrini ni makadirio. Seli moja ikidhoofika, volti yake inaporomoka mara tu mashine inapodai nguvu nyingi, na yale makadirio hayawahi kusema kitu.

Windows yenyewe inaweza kukupa taarifa ya betri. Fungua Start, andika cmd, bonyeza Enter, kisha andika:

powercfg /batteryreport

Itakuonyesha mahali ilipohifadhi faili. Lifungue kwa kivinjari chochote na utafute mistari miwili: Design Capacity, yaani ujazo betri iliokuwa nao ikitoka kiwandani, na Full Charge Capacity, yaani ujazo inaoweza kubeba sasa. Kama ya kwanza ni 50,000 mWh na ya pili ni 15,000, umebakiwa na chini ya theluthi moja. Ikishuka chini ya nusu, mimi huanza kutenga pesa ya betri nyingine. Usiiamini taarifa hii kwa asilimia mia, hasa kwenye betri za bei poa ambazo chipu yake husema inachotaka. Betri inayojisifu kwa ujazo mkubwa lakini inakatika ikiwa asilimia 40 ni mbovu, hata kama karatasi inaisifia.

Baada ya hapo chomeka chaja uendelee na kazi. Kama betri yako inatoka kwa kuvuta klipu mbili chini ya mashine, zima, itoe kabisa, na utumie chaja peke yake kwa saa moja au mbili. Isipokatika, umempata mchawi bila kutumia hata shilingi. Kwa zile ambazo betri iko ndani, jaribio hili linahitaji kufungua mfuniko wa chini na kuchomoa plagi ya betri. Kama mkono wako hauna uzoefu, mwachie fundi.

Kuna jambo la kwetu ambalo miongozo ya Wazungu haina haja ya kulisema. Umeme ukipepesa kwa nusu nukta, taa ya sebuleni inafifia na kurudi, friji linaguna, hakuna anayejali. Laptopu yenye betri nzima nayo haijali, kwa sababu betri inashika zamu. Laptopu yenye betri iliyokufa, iliyoishi kwenye chaja mwaka mzima, inakatika hapo hapo. Mwenyewe analalamika kwamba "inajizima ovyo", na hasa saa za jioni. Sikiliza kama friji au dekoda navyo vimejiwasha upya wakati ule ule. Kama ndivyo, dawa ni betri mpya au UPS ndogo (kifaa chenye betri kinachoshika zamu umeme ukikatika), na mazabodi yako haina kosa.

Tazama na ekstensheni. Chomeka chaja ukutani moja kwa moja kwa siku nzima kabla ya kuilaumu mashine. Soketi za ekstensheni za bei rahisi hulegea, na plagi nzito ya chaja ikining'inia upande mmoja inagusa na kuachia.

Kwenye chaja yenyewe, soma kibandiko. Volti lazima zilingane na zilizoandikwa chini ya laptopu, mara nyingi 19.5V au 20V. Ampea ziwe sawa au zaidi, kamwe zisiwe pungufu. Ukizidisha volti kwa ampea unapata wati: 19.5V mara 3.34A ni wati 65, na 19.5V mara 4.62A ni wati 90. Mashine iliyotengenezewa wati 130 ukiipa chaja ya wati 65, itaandika barua na kuperuzi vizuri tu, kisha siku ukihariri video inaanza kula betri huku imechomekwa, na betri ikiisha inazima. Kwa zile za USB-C, chaja ya simu ya wati 20 haitoshi hata kama tundu linaingia bila shida.

Dell wana tabia yao. Chaja zao zile za pini ya duara zina sindano nyembamba katikati inayoiambia laptopu ni chaja ya wati ngapi. Sindano ikipinda au chaja ikiwa ya kuigiza, mashine inaandika wakati wa kuwaka kwamba haitambui aina ya chaja, inaacha kuchaji betri, na inapunguza kasi ya prosesa, ile chipu kuu inayofanya kazi za mashine. Ukiona ujumbe huo usiendelee kubonyeza kitufe kuupita kila asubuhi. Unakupa jibu la bure.

Mwisho wa hatua hii, tikisa kidogo pini ya chaja ndani ya tundu lake huku ukiangalia taa ya kuchaji. Taa ikizima na kuwaka, tundu limelegea. Kwenye laptopu nyingi za ofisini tundu hilo ni kipande chenye waya wake mfupi, halijachomelewa kwenye mazabodi, kwa hiyo kulibadilisha si kazi kubwa. Fundi akikutajia bei ya mazabodi kwa sababu ya tundu, hama duka.

Tahadhari moja. Kama pedi ya kugusia imeinuka, kifuniko cha chini kimetuna, au laptopu inayumba ukiiweka mezani, betri imevimba. Zima, chomoa chaja, usiitoboe wala usijaribu kuibonyeza irudi. Betri za lithiamu zikitobolewa huwaka moto. Ipeleke ikatolewe.

Hatua ya 3: Joto

Kwenye nchi zetu, na hasa ukanda wa pwani, mimi huanza kushuku hapa kwa laptopu yoyote inayokatika wakati wa kazi nzito na kukataa kuwaka mpaka ipumzike.

Prosesa inajilinda yenyewe. Ikipata moto inapunguza kasi, ndiyo maana kabla ya kuzimika utaona mashine imekuwa nzito na feni inavuma bila kupumzika. Joto likizidi kupanda, mashine inajikatia umeme isiungue. Prosesa nyingi za Intel huanza kujibana zikifika karibu nyuzi 100 za Selsiasi, na nyingi za AMD Ryzen karibu 95.

Pakua HWiNFO, programu ya bure ya kusoma joto la mashine. Ifungue, chagua "Sensors-only", na uangalie mistari ya CPU, yaani prosesa. Chumba cha Dar cha nyuzi 32 kitakupa 45 hadi 55 mashine ikiwa haina kazi. Ukicheza video au kufungua kurasa nyingi ikapanda hadi 80 na kitu, usiogope. Ikikaa 95 na zaidi kwa kazi ya kawaida, au ikipanda kutoka 50 hadi 95 ndani ya nukta chache tu, hewa haipiti au pesti ya prosesa, ile inayopitisha joto kwenda kwenye kipozaji, imekauka.

Anza na yasiyo na gharama. Matundu ya hewa mengi yako chini, kwa hiyo kitanda, mto na mapaja yaliyofunikwa khanga vinaiziba pua. Weka mezani, inua upande wa nyuma kwa vifuniko viwili vya chupa, kisha soma HWiNFO tena. Nyuzi zikishuka wazi, umejua hewa ndiyo inayopungua.

Halafu usafi. Zima kabisa, chomoa chaja, fungua mfuniko wa chini, na uchomoe plagi ya betri kabla ya kugusa chochote. Piga picha kwa simu kabla ya kutoa skrubu, kwa sababu urefu wake haufanani na ndefu ikiingia pasipo pake inaweza kutoboa au kupasua kitu. Utaona feni, na mbele yake vipande vyembamba vya shaba au alumini vilivyopangwa kwa safu. Wengi hufuta mapanga ya feni yakang'aa, wakaona wamemaliza. Uchafu wenyewe umejificha kati ya feni na zile safu: mkeka wa kijivu wa vumbi na nyuzi za nguo, umeshikamana kama sufi, na unyevu wenye chumvi wa pwani umeugandisha. Toa skrubu za feni, inyanyue, na uuvute mkeka huo kwa kibano. Mara nyingi unatoka mzima mzima. Hewa ikiwa imezibwa hapo, hata feni mpya isingesaidia.

Ukitumia bloa, shikilia mapanga ya feni kwa kijiti cha meno yasizunguke, na upulize kidogo kidogo. Usipulize kwa mdomo, mate yatabaki ndani. Mashine ya kufyonza vumbi ya nyumbani iache, inaweza kuzalisha umeme tuli.

Pesti ya prosesa ibadilishe kama mashine ina miaka minne au mitano na haijaguswa, au kama nyuzi hazikushuka baada ya usafi. Futa ya zamani kwa alkoholi ya isopropili na kitambaa kisichoacha nyuzi, si spiriti iliyotiwa rangi. Weka tone la ukubwa wa punje ya choroko katikati, kisha kaza skrubu za kipozaji kwa kufuata namba zilizochapwa pembeni yake, kila moja kidogo kidogo kwa zamu. Ukizidisha pesti haipoi zaidi, unachafua tu.

Na kama uko katikati ya tasnifu na huna nafasi ya kufungua kitu wiki hii? Fungua Control Panel, nenda Power Options, Change plan settings, Change advanced power settings, Processor power management, na uweke Maximum processor state kuwa 99%. Kwenye prosesa nyingi hiyo huzuia zile kasi za juu zinazoleta moto. Kipengele hicho hakionekani kwenye kila mashine, na hakiponyi chochote. Kinakununulia siku.

Hatua ya 4: Windows imeandika nini

Fungua Start, andika Event Viewer, ingia Windows Logs, kisha System. Tafuta saa ile mashine ilipozimika. Utakutana na namba hizi.

41, Kernel-Power. Watu wanaitafuta intaneti nzima wakidhani ni jina la ugonjwa. Inasema tu kwamba Windows imewaka na kukuta safari iliyopita haikufungwa vizuri. Thamani yake iko ndani: bofya Details, utazame BugcheckCode. Ikiwa 0, umeme ulikatika tu, rudi hatua ya 2 na ya 3. Ikiwa namba nyingine, kulikuwa na skrini ya buluu hata kama hukuiona. Tazama pia PowerButtonTimestamp. Ikiwa si 0, kitufe cha kuwashia kilishikiliwa. Kama wewe hukukishika, huenda kimenata kwa soda iliyomwagika zamani.

6008 inarudia habari hiyo hiyo kwa maneno mengine.

1074 ndiyo tamu. Hii inamaanisha kuna programu au mtu aliyeamuru mashine izime, na jina lake limeandikwa pale pale. Mara nyingi ni masasisho ya Windows. Lakini ukikuta wlms.exe, soma hapa vizuri, maana nimeona watu wakibadilishiwa betri na RAM kwa ajili yake.

Microsoft hutoa bure toleo la majaribio linaloitwa Windows Enterprise Evaluation. Linafanya kazi siku 90. Baadhi ya mafundi hulipiga kwenye laptopu za wateja kwa sababu halidai ufunguo wa leseni. Miezi mitatu inapita, mteja ameshasahau, na Windows inaanza kuizima laptopu kila baada ya saa moja. Ukiona mashine inazimika kwa saa moja moja kama imewekewa kengele, hiyo si betri na si joto. Andika winver kwenye Start usome jina la toleo, au angalia kona ya chini kulia ya skrini kama kuna maneno ya leseni kuisha.

Na hapa, kwa kinyume cha yote niliyosema mwanzoni, kupiga Windows upya ndiyo dawa. Laptopu nyingi za ofisini zilizokuja na Windows 10 Pro au 11 Pro zina ufunguo wake ndani ya BIOS, ile programu ndogo ya mashine inayowaka kabla ya Windows. Piga toleo lile lile la Pro kutoka tovuti ya Microsoft, liunganishe na intaneti, na kwa kawaida litajitambua lenyewe. Windows ambayo haijalipiwa lakini si ya majaribio haikuzimii mashine. Inakuchosha tu kwa maandishi kwenye kona.

Wanaotumia Linux waandike journalctl -b -1 -e wasome mistari ya mwisho kabla ya kuzimika. Kumbukumbu ikikatika ghafla bila neno la kufunga, ni umeme au joto.

Hatua ya 5: Kama ni skrini ya buluu

Kwanza izuie kujiwasha haraka ili uisome. Bonyeza Windows na R, andika sysdm.cpl, nenda Advanced, Settings ya Startup and Recovery, na uondoe tiki kwenye Automatically restart. Mara ijayo skrini itakaa. Ipige picha.

Jina lililo chini ndilo la kutafuta. WHEA_UNCORRECTABLE_ERROR inaelekeza kwenye vifaa vyenyewe: prosesa, joto, wakati mwingine volti. DRIVER_POWER_STATE_FAILURE ni dreva, hivyo pakua dreva za Wi-Fi na kadi ya picha kutoka tovuti ya mtengenezaji wa laptopu. MEMORY_MANAGEMENT inakutaka upime RAM: andika mdsched kwenye Start, ikubali iwashe upya, na uiache imalize. Kama una vipande viwili vya RAM, toa kimoja, tumia siku nzima, kisha badilisha. Kifutio cha penseli kwenye meno ya dhahabu ya RAM ni mbinu ya zamani ya mafundi, na bado inafanya kazi ukifuta polepole na kupangusa mabaki.

Hatua ya 6: Jaribio la BIOS

Kama bado huna uhakika kati ya vifaa na Windows, washa mashine uingie BIOS (F2 kwa Dell, F10 kwa HP, F1 au Enter kwa ThinkPad), kisha iache hapo hapo nusu saa au zaidi. Windows haijapakiwa. Ikizimika hapo, hakuna toleo la Windows litakaloiponya. Isipozimika, usitangaze ushindi, kwa sababu kazi ya BIOS ni nyepesi, lakini angalau mizani imeegemea upande wa programu au joto la kazi nzito.

Ukiwa humo kwenye Latitude, tafuta System Logs. Kuna orodha ya Thermal Events na Power Events, na ikiwa mashine iliwahi kujikata kwa joto utakuta tarehe yake imeandikwa. Kuna pia vipimo vya kiwandani: F12 kisha Diagnostics kwa Dell, Esc kisha F2 kwa HP.

Ukifika kwa fundi

Ikiwa inakatika ndani ya BIOS, imepoa, chaja ni sahihi na betri imetolewa, limebaki suala la mazabodi, na hapo anahitajika mtu mwenye mita na mashine ya kuchomelea. Kama iliwahi kumwagikiwa maji au chai, mwambie mapema. Kuficha kunamfanya atafute mahali pasipo.

Usimwambie "fundi, inazima". Mwambie: "Kaka, inakatika ghafla hata ikiwa kwenye BIOS, chaja ni ya wati 65, nimeitumia bila betri na bado, na joto halivuki 70." Bei atakayokutajia baada ya maneno hayo huwa tofauti.

Akibadilisha kifaa, omba cha zamani uondoke nacho. Na kabla hujalipa, kaa nayo hapo dukani nusu saa, HWiNFO ikiwa wazi na video ikicheza, kwanza kwenye chaja, kisha uchomoe chaja uone betri inashika.